Sura ya 6: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumkumbusha mgeni kwamba kula bure kuna mwisho. Lakini ina upande mwingine, unaomhusu mwenyeji. Zile siku mbili za mwanzo amepewa yeye: amwulize mgeni ametoka wapi, ana umri gani, kwao wanakula nini, na mwili wake unaweza mzigo gani. Anayemkabidhi mgeni jembe asubuhi ya kwanza, kabla hajajua lolote, hajamkaribisha.

Mashine ya mtumba ni mgeni wa namna hiyo. Na katika wageni wa chuma wanaotoka Goma na Sake kuja Kibabi, katika milima ya Masisi, hakuna anayepewa jembe kwa haraka kama grainda ya benchi: ile mota fupi nene, yenye shafti iliyotokeza pande mbili na jiwe la mviringo kila upande. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina zuri la jiwe la kunolea linalozunguka, cherehe. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam husema grainda. Kwetu Kivu, gereji zilizolelewa kwa Kifaransa husema meule. Majina tofauti, kazi ileile.

Kazi hiyo Kibabi haikosekani. Milima hii ina mashimo ya koltani na kasiteriti, na mchimbaji anategemea ncha ya mtaimbo na makali ya patasi kuliko kitu kingine chochote. Mtaimbo butu unapiga mwamba na kurudi. Mwenye nao anachoka mara mbili na kutoa nusu. Ongeza sururu, panga za kufyekea, majembe ya mashamba ya maharage na viazi, na misumeno ya wapasua mbao upande wa Walikale. Kijiji chenye grainda moja nzuri kina moyo wa chuma unaohudumia mamia ya mikono.

Sura hii inahusu grainda zilizotengenezwa Marekani, hasa za kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970. Zinafika huku kwa njia tatu kubwa. Nyingine zililetwa na wamisionari: Wabaptisti wa Marekani walifanya kazi Kivu tangu miaka ya 1940, na kanisa la CBCA, lenye makao yake Goma, limetokana na kazi hiyo, na misheni yenye hospitali na magari haikosi karakana. Nyingine zinakuja ndani ya kontena, zikitumwa na ndugu zetu waliopata makazi Marekani. Na nyingine zinapita mikononi mwa wafanyabiashara wa mitumba, kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam hadi Goma. Muuzaji atakwambia, "Papa, hii ni Amerika yenyewe, ona uzito wake!" Anaweza kuwa anasema kweli. Lakini usipoelewa maana ya maneno "Amerika yenyewe", ukweli huo utakuchomea mota.

Mota nyingi za Marekani zilifungwa nyaya za volti 110 au 115. Umeme wa Kongo ni volti 220; wa Uganda na Kenya ni 240. Ukiichomeka grainda ya volti 115 moja kwa moja kwenye prizi ya 220, chuma cha ndani kinashiba sumaku kupita kiasi, mkondo unapanda mara nyingi, na nyaya zinaanza kujipika. Utasikia mngurumo mzito kuliko kawaida, kisha harufu ya vanishi inayoungua, kisha moshi. Mashine iliyodumu miaka 60 inakufa kabla chai ya mwenye nayo haijapoa. Ndiyo maana ninasisitiza siku mbili za kuuliza.

Siku ya kwanza: kwenu ni wapi?

Tafuta kibati. Ni kile kipande kidogo cha shaba, alumini au bati kilichopigwa riveti ubavuni au chini ya mota. Mara nyingi kimefunikwa na rangi, mafuta na vumbi la jiwe. Usikikwangue kwa kisu wala kwa brashi ya waya, kwani maandishi mengine yamechapishwa juujuu tu. Tumia kitambaa na mafuta ya taa, pole pole. Herufi zikiwa zimefifia, pitisha chaki kisha ufute. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo na maneno yatajitokeza.

Kabla ya kutafuta jina la kampuni, sikiliza lugha ya kibati. Mashine ya Marekani inaandika HP kwa nguvu za farasi, RPM kwa mizunguko ya dakika, na CYCLES au CY kwa mapigo ya umeme. Mashine ya Ubelgiji au Ufaransa inaandika CV au ch kwa nguvu, na T/MIN kwa mizunguko. Ya Ujerumani inaandika PS na U/MIN. Karakana za makampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, yale yaliyokuja kuunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI, zilitegemea zaidi vifaa vya Ulaya, kwa hiyo huku kwetu kibati chenye jina ACEC, Charleroi, si ajabu. Huyo ni mgeni wa Ubelgiji, na umeme wetu anaujua tangu kuzaliwa.

Mtego mkubwa ni majina yenye nchi mbili. Black & Decker ilianzishwa Baltimore mwaka 1910, na kiwanda chake mashuhuri kilikuwa Towson, katika jimbo la Maryland. Lakini kampuni hiyohiyo ilitengeneza mashine Uingereza pia: Harmondsworth, karibu na London, na kuanzia 1965 Spennymoor, kaskazini mwa nchi hiyo. Mashine za Uingereza zilisambaa sana Kenya, Uganda na Tanganyika. Grainda mbili za Black & Decker zinaweza kukaa juu ya meza moja sokoni, zimefanana kama mapacha, moja inakula volti 230 na nyingine 115. Jina la kampuni halitoshi. Tafuta jina la mji.

Majina ya Marekani utakayokutana nayo mara kwa mara si mengi. Baldor ilianzishwa St. Louis mwaka 1920. Jina lake limeunganishwa kutoka kwa waanzilishi wawili, Ballman na Doerr. Delta ilianza Milwaukee mwaka 1919. Craftsman ni jina la biashara la duka la Sears, lililoanza kutumika mwaka 1927, na Sears haikuwa na kiwanda chake cha grainda: iliagiza kwa viwanda vya wengine na kubandika jina lake. Ukishika Craftsman, tazama namba ya modeli. Tarakimu tatu za mwanzo, kabla ya nukta, zinamtaja mtengenezaji: 103 ni King-Seeley, na 113 ni Emerson Electric. Kwa maneno mengine, jina kubwa ni la duka, na tarakimu tatu ndizo jina la baba.

Siku ya pili: una umri gani?

Ni nadra kibati kuandika mwaka. Lakini kimejaa vitu vilivyobadilika kwa tarehe zinazojulikana, na anayevijua anaweza kuubana umri pande mbili, mpaka ubaki muongo mmoja au pungufu.

Anza na anwani ya kampuni. Mwaka 1943 posta ya Marekani iligawa miji mikubwa katika kanda, na namba ya kanda ikaandikwa baada ya jina la mji, mfano "Chicago 24, Ill." Julai 1963 ukaja msimbo wa posta wa tarakimu tano, unaokaa mwishoni mwa anwani baada ya jimbo. Basi namba ndogo ya tarakimu moja au mbili katikati ya mji na jimbo inakwambia mashine ni ya kati ya 1943 na miaka michache baada ya 1963. Tarakimu tano mwishoni zinakwambia si ya kabla ya 1963. Anwani isiyo na namba yoyote haithibitishi kitu, maana viwanda vingi viliandika mji na jimbo tu miaka yote.

Kisha tafuta namba ya hataza, inayotanguliwa na PAT. au PATENT. Hataza ni haki inayotolewa na serikali kumlinda mvumbuzi, na Marekani ilizihesabu kwa mfululizo mmoja bila kurudi nyuma. Kariri nguzo hizi:

Hataza namba 1,000,000 ilitolewa Agosti 1911.
Namba 2,000,000 ilitolewa Aprili 1935.
Namba 2,500,000 inaangukia mwaka 1950.
Namba 3,000,000 ilitolewa Septemba 1961.
Namba 4,000,000 ilitolewa Desemba 1976.

Chukua namba kubwa kuliko zote kwenye kibati: mashine haiwezi kuwa ya kabla ya hiyo. Inaweza kuwa ya baadaye, kwa sababu hataza ililindwa kwa miaka 17 na kampuni iliendelea kuipiga chapa muda wote huo. Kibati chenye namba ya milioni 2.2, iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1940, kinaweza kuwa cha mashine ya 1941 au ya 1956. Na ukiona DES. kabla ya namba, achana na hesabu hii: hizo ni hataza za umbo, zina mfululizo wao mdogo.

Sasa tazama jinsi umeme ulivyoandikwa. Neno CYCLES ndilo lililotumika kwa miongo mingi. Mwaka 1960 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulikubali jina hertz, na vibati vya Marekani vikaanza kuandika Hz polepole, kuanzia miaka ya 1960 kuelekea 1970. Kibati chenye Hz ni cha mashine changa; chenye CYCLES kwa kawaida ni cha mzee.

Historia ya makampuni nayo inapiga mihuri. Rockwell iliinunua Delta mwaka 1945, kwa hiyo grainda ya Delta yenye jina Rockwell ni ya baada ya hapo. Jina hilo liliondoka katika miaka ya 1980. Baldor ilifungua kiwanda Fort Smith, Arkansas, mwaka 1957, basi kibati cha Baldor kinachotaja Fort Smith hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka huo. Na jina la Marekani likiambatana na neno Taiwan au China, ujue jina limesafiri bila kiwanda: hiyo kwa kawaida ni ya miaka ya 1980 au baadaye.

Mwisho, tazama mavazi ya usalama. Desemba 1970 Marekani ilipitisha sheria ya usalama na afya kazini, iliyoanza kutumika Aprili 1971. Baada yake vifuniko vya mawe vikawa vipana, na vioo vya kukinga macho vikawa jambo la kawaida. Grainda iliyozaliwa na vifuniko vyembamba, au bila vifuniko kabisa, mara nyingi ni ya kabla ya hapo.

Kuna mashahidi wa kuogopa. Plagi na waya vimebadilishwa mara nyingi njiani. Rangi imepakwa upya. Jiwe si la kwanza wala la kumi. Hata swichi inaweza kuwa imewekwa jana. Ushahidi wa kuaminika ni ule uliozaliwa na mashine: kibati, herufi zilizomiminwa pamoja na chuma chenyewe, na umbo la kiwiliwili. Mashahidi watatu wa namna hiyo wakikubaliana, umri umepatikana.

Siku ya tatu: lipi jembe lako?

Sasa maarifa yanalipa. Andika katika daftari mistari minne ya kibati: volti, ampea, mapigo, mizunguko. Tuseme kinasoma volti 115, ampea 6, cycles 60, RPM 3450.

Volti kwanza. Mashine hii inataka transfoma ya kushusha 220 kuwa 110. Zidisha volti kwa ampea: 115 mara 6 ni 690. Lakini mota inapoanza kuzunguka inavuta mkondo mara kadhaa ya huo, kwa hiyo usinunue transfoma ya 700. Chukua ya 1,500 au 2,000. Kibati kikisomeka 115/230, umebahatika: fundi wa mota anaweza kupanga upya ncha za nyaya ndani ya kisanduku chake, na transfoma ya 110 haihitajiki.

Mapigo ndiyo yanayosahaulika. Umeme wa Marekani unapiga mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu mara 50. Transfoma inashusha volti, haigusi mapigo. Mota ya 60 ikilishwa 50 inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita: 3450 inakuwa kama 2875, na 1725 inakuwa kama 1440. Kwa jiwe, hilo si hatari, kwani jiwe linaogopa mwendo wa kupita kiasi. Jiwe la inchi 6 lililokuwa likikimbia karibu mita 27 kwa sekunde ukingoni mwake sasa litakimbia karibu mita 23. Litanoa, ila kwa subira.

Hatari iko ndani ya mota. Mapigo yakipungua na volti zikibaki zilezile, chuma kinabeba sumaku zaidi ya kilivyopimiwa, na joto linapanda. Basi iwashe bila mawe wala kazi kwa dakika kumi, izime, uweke kiganja juu ya mwili wake. Kiganja kikivumilia, mpe kazi fupi fupi zenye mapumziko. Kisipovumilia, inahitaji volti chini kidogo: kwa mota ya 115 iliyozaliwa na mapigo 60, kiasi kinachopatana na mapigo 50 ni kama volti 96, na fundi wa transfoma anaweza kutoa tepu ya kiasi hicho. Ukipata kibati kinachosema 50/60, shukuru. Na kama karakana inaendeshwa na jenereta ya Marekani yenye volti 120 na mapigo 60, mgeni atakula chakula cha kwao.

Mashine ya kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi ina waya wenye ncha mbili tu. Badilisha uwe wa ncha tatu, na ule wa kijani ufungwe kwenye mwili wa chuma na upelekwe ardhini. Kapasita ya mafuta iliyovimba au inayovuja usiifungue kwa mikono: nyingi za kabla ya 1979, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wa mafuta ya PCB, zilijazwa sumu hiyo. Nunua mpya.

Halafu jiwe. Lililokuja na mashine kutoka mbali, limegongwa melini na kwenye lori, lisiaminiwe mpaka liseme. Lifungue, lining'inize kwenye kidole au kijiti, uligonge taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Jiwe zima linalia kama kengele. Jiwe lenye ufa linatoa sauti iliyokufa, na hilo livunje mwenyewe siku hiyohiyo asije mtu akalifunga tena. Kumbuka nati ya upande wa kulia inafunguka kama nati zote, na ya kushoto inafunguka kinyume. Wengi wamekata shafti nzuri kwa kutolijua hilo. Tundu za mawe ya Marekani huwa za nusu inchi au inchi tano kwa nane; mawe ya Ulaya yana tundu za milimita. Tumia bushi inayokaa barabara, kamwe usizungushie karatasi au bati. Na mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe lazima iizidi ile ya mota.

Jiwe la kijivu au kahawia ni la chuma cha kawaida na cha pua: mtaimbo, patasi, panga. La kijani ni kwa ncha ngumu za tangsteni kabaidi. Kiegemeo cha kazi kisogee karibu na jiwe, pengo lisizidi milimita 3, ili kifaa kisimezwe katikati. Ulimi wa juu wa kifuniko usizidi milimita 6 kutoka kwa jiwe. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kulifunga jiwe, simama kando, si mbele, na uhesabu dakika nzima. Miwani usoni kila mara. Cheche moja inatosha kuchukua jicho, na kutoka Kibabi hadi kwa daktari wa macho ni safari ya siku.

Sasa shika mtaimbo. Ncha iguse jiwe kwa wepesi, itembee, iingie majini, irudi. Ukiona rangi ya buluu, umeibana mno na chuma kimepoteza ugumu wake. Mkono mwepesi ndio unaotoa makali yanayodumu.

Kazi moja imebaki, nayo ni ya mwenyeji. Chukua kipande cha bati, ugonge juu yake kwa patasi, kwa Kiswahili: VOLTI 110 TU. MAPIGO 60. MIAKA YA 1950. Kipige riveti kando ya kibati cha zamani. Milima ya Masisi imeona watu wakihama mara nyingi, na vyombo vizito kama hivi hubaki nyuma au hubadilisha mikono njiani. Atakayeikuta grainda hii kesho huenda asisome Kiingereza, wala asimjue aliyemtangulia. Kwa kibati chako zile siku mbili za kuuliza zitakuwa zimekwisha kwake, na ataanzia siku ya tatu.